Shajara ya mradi: kumkumbuka Bibi wa namba nne

Naiandika shajara hii kwa ajili ya ushirika wowote wa nyumba utakaofiwa na mtu kama tuliyefiwa naye sisi, ukatamani kumwekea kitu kitakachodumu kuliko maneno ya siku ya mazishi. Kila hatua inapokamilika naongeza sehemu yake. Palipokwenda vizuri nimepita haraka. Palipoharibika nimekaa, maana ndipo atakaponufaika mwenye kufuata.

Jina lake sitalitaja humu, kwa ombi la familia. Sisi tulimwita Bibi wa namba nne, wakiwemo wawili watatu waliomzidi umri. Aliishi nyumba namba nne miaka 41, tangu kuta hazijapakwa rangi. Miaka 19 alikuwa katibu wetu, na miaka yote, awe na cheo asiwe nacho, alitunza stoo ya vifaa: randa, misumeno, ngazi, spana, waya wa kuzibulia mabomba. Ukiazima, unaandika kwenye daftari lake lenye safu tano: jina, kifaa, siku ya kuchukua, hali ya kurudi, na safu ya mwisho aliyoibuni mwenyewe, "Anayefuata". Safu hiyo ilimkumbusha mwenye kifaa kwamba kuna jirani anakingoja. Stoo za pamoja zinaweza kufa mapema. Ya kwetu haikufa.

14 Januari. Mkutano mkuu

Tuko nyumba 34. Walihudhuria wanachama 30, akidi ikatimia.

Hoja ya kwanza ilikuwa kununua jiwe la kumbukumbu lililochongwa tayari, kwa fedha za akiba ya matengenezo. Nia ilikuwa njema, lakini akiba ile ni ya mapaa na mabomba, na hakuna aliyeilinda kuliko Bibi mwenyewe. Tulipiga kura kwa kanuni tuliyorithi kwa washirika wa Rochdale, Uingereza, walioanza mwaka 1844: mwanachama mmoja, kura moja. Waliotaka jiwe 9, waliokataa 21.

Badala yake tukakubaliana mambo matatu: kunasa sauti za wanaomkumbuka, kukusanya picha na kuzihifadhi, na kujenga benchi mbele ya mlango wa stoo, pale alipozoea kusimama akingoja vifaa virudi. Gharama tutailipa kwa saa za kazi. Hilo nalo alituletea yeye, alipotusimulia habari za vyama vya Uruguay vinavyojenga nyumba kwa kusaidiana, vilivyotambuliwa na sheria ya makazi ya 1968, ambako kila kaya huchangia kazi ya mikono, kwa kawaida saa 21 kwa wiki. Tangu hapo tuna daftari la saa, na humu nitahesabu saa. Vitu vya kununua vimelipwa kwa michango ya hiari.

Kosa la siku hiyo: hatukuanza kwa familia. Binti yake alisikia habari za benchi kwa mtu waliyekutana njiani, siku mbili baada ya kura. Tulikwenda wawili kumwomba radhi. Alitusikiliza mpaka tukamaliza, kisha akatoa masharti matatu. Jina lisitoke nje ya eneo letu. Barua za mama yake zisifunguliwe. La tatu alilisema akituangalia usoni: "Msimfanye mama yangu malaika. Mtakuwa mmemzika mara ya pili."

Mawili ya kwanza ni mepesi. La tatu lilitushughulisha miezi mitatu.

Mkitaka kufanya kama sisi, nendeni kwa familia kabla ya mkutano, hata kama nyinyi ndio mliokaa na marehemu miaka mingi zaidi.

26 Januari. Sauti saba

Tulinasa watu saba kwa siku mbili, kwenye ukumbi wa mikutano. Swali letu la kwanza lilikuwa: "Bibi alikuwa mtu wa namna gani?" Wote saba walijibu kwa maneno yaleyale: mpole, mkarimu, mchapakazi, mpenda watu. Yote ni kweli, na ukisikiliza huwezi kujua anasemwa yeye au marehemu mwingine yeyote. Nilizisikiliza zote usiku mmoja, moja baada ya nyingine, nikaingiwa na huzuni ambayo sikuwa nayo hata siku ya kuzika. Tulikuwa tunamtaja, na huku tunampoteza.

Sauti zenyewe pia zilikuwa mbaya. Ukumbi una kuta tupu na sakafu ya saruji, kwa hiyo kila neno lilirudi na mwangwi wake. Friji ilikuwa inanguruma pembeni. Kinasa sauti kilikuwa kimeachwa kijirekebishe chenyewe: msemaji akinyamaza kinapandisha mngurumo wa friji, akianza kusema kinaushusha. Kasoro hiyo haisafishiki baadaye kwa programu yoyote tuliyoijaribu.

9 Februari. Tunabadilisha swali

Tulihamia chumba kidogo chenye mapazia mazito, tukasimamisha magodoro mawili kwenye ukuta unaotazamana na msemaji. Friji ilizimwa. (Weka funguo zako za nyumba ndani ya friji unapoizima, hutaondoka bila kuiwasha.) Maikrofoni ilikaa umbali wa shubiri moja na nusu kutoka mdomoni, kando kidogo, ili pumzi isiipige mtu anapotamka p na b. Ule utaratibu wa kujirekebisha tukauzima, tukapima mpaka sauti kubwa kabisa ya msemaji ikafika desibeli 12 hivi chini ya kikomo. Mafaili ni ya WAV, kilohezi 48, biti 24, mkondo mmoja. Saa moja inachukua megabaiti kama 520.

Lakini kilichotuokoa ni swali. Jirani wa nyumba ya 11, mwalimu mstaafu, alisema tuache kuuliza alikuwaje, tuulize alifanya nini, na kila msemaji aje ameshika kitu. Tukaandika maswali mapya. Alikuonyesha kazi gani kwa mikono yake? Mara ya kwanza alipogonga mlango wako alikuwa amebeba nini? Mliwahi kugombana, na mligombania nini? Msemaji akimaliza, hesabu kimoyomoyo hadi kumi kabla ya kuuliza tena. Mara nyingi jambo lenyewe huja ndani ya kimya kile.

Tuliwarudia wale saba. Mama wa nyumba ya 22, ambaye mara ya kwanza alisema "mkarimu" akanyamaza, alikuja na spana. Siku waliyohamia, mizigo ikiwa bado mlangoni, Bibi aligonga akiwa na tochi na spana hiyo. Hakukaribia hata kukaa. Alimchukua hadi nyuma ya ukuta, akamwonyesha koki kuu ya maji, akamfanya aifunge na kuifungua mara tatu. "Akaniambia, mwanangu, siku bomba likipasuka hutakuwa na nafasi ya kuja kuniita." Bomba lilipasuka miaka sita baadaye, usiku. Aliifunga koki kabla maji hayajafika kwenye godoro la mtoto. Spana alikuwa amepewa aitunze, na hakuwahi kuirudisha stooni kwa sababu Bibi hakuwahi kuidai.

Kati ya watu 23 tuliowanasa mpaka mwisho, 15 walisimulia habari ya koki, kila mmoja kwa namna yake. Na karibu wote walidhani walifanyiwa wao peke yao.

Ndani ya jalada la daftari lake la stoo tulikuta amenakili kanuni ya tano kati ya zile saba za Muungano wa Kimataifa wa Vyama vya Ushirika, kama zilivyoandikwa upya mwaka 1995: elimu, mafunzo na habari. Wengi wetu tuliijua kanuni hiyo kwa semina na vipeperushi. Yeye alikwenda nayo mlango kwa mlango, na tochi.

Kila msemaji anatia saini karatasi ya ridhaa inayosema nani aruhusiwe kusikiliza, kuanzia lini, na kwamba anaweza kuiondoa sauti yake akitaka. Wawili wameomba zao zifungwe miaka 10. Zimefungwa.

22 Februari. Picha

Zilikusanywa picha 212 kutoka nyumba 19. Mambo machache ya kuwaepusha wengine na hasara yetu.

Picha 90 za mwanzo tulizitambaza (yaani kuziskani) kwa nukta 300 kwa inchi na hatukutambaza migongo. Baadaye tukagundua kwamba migongoni ndiko kuliko na majina, na Bibi alipokuza uso wa mtu... samahani, nasema binti yake, alipojaribu kukuza uso wa mtu wa nyuma, palikuwa na ukungu mtupu. Tukazirudia zote kwa nukta 600, mbele na nyuma. Picha ya sentimita 10 kwa 15 hivyo inatoa pikseli kama 2,400 kwa 3,600, na faili la TIFF la megabaiti 26 hivi.

Albamu zenye kurasa za gundi na plastiki juu zinaua picha. Kwenye albamu moja picha zilikuwa zimeganda kabisa, na ya kwanza tuliyoivuta ilichanika kona. Zilizobaki tulizitoa kwa kupitisha uzi wa kusafishia meno, usio na dawa, taratibu kati ya picha na karatasi, kama msumeno. Zilizokataa tuliziacha palepale tukatambaza ukurasa mzima. Usitumie joto. Majina mapya andika mgongoni kwa penseli laini, kwa sababu kalamu ya wino hupenya au huacha mkandamizo upande wa mbele.

Tuna nakala tatu za kila kitu, kwenye aina mbili za vyombo, na moja haikai hapa kwetu.

8 Machi. Msingi wa benchi

Mashimo mawili, upana sentimita 40, kina 50. Tulishindilia chini kwa gogo zito, tukamwaga zege la saruji moja, mchanga mbili, kokoto tatu kwa ujazo, maji ya kubana tu. Tukafunika kwa magunia mabichi na kupanga zamu ya kuyalowanisha. Zege kwa siku 7 huwa limefika karibu theluthi mbili ya nguvu yake, na nguvu ya kuhesabiwa huja siku ya 28. Tuliamua kungoja zote.

16 Machi. Tunavunja

Hatukungoja. Siku ya nane maji taka yalianza kurudi kwenye nyumba tatu za mwisho.

Fundi bomba wetu ni kijana aliyezaliwa hapahapa. Alitafuta asubuhi nzima, akaja kuuliza bomba kubwa linapita wapi. Kwenye ramani ya ujenzi linapita mbali na stoo. Yeye hakuridhika. Akaniambia, "Katibu, Bibi alikuwa anaandika kila kitu. Kumbukumbu zake ziko wapi?"

Nikamjibu ziko kwenye kompyuta, tumeshanasa watu 14.

"Hapana," akasema. "Kumbukumbu za vikao."

Nimekaa na jambo hilo siku nyingi kabla ya kuliandika. Miezi miwili tulizunguka na kinasa sauti, nyumba kwa nyumba, tukitafuta kumbukumbu za Bibi. Na kumbukumbu zenyewe, madaftari 26 kwa mwandiko wake, yalikuwa kabatini nyuma ya kiti ninachokalia kila wiki, na hakuna kati yetu aliyeyafungua.

Ilituchukua saa moja tu. Daftari la 8, kikao cha dharura: bomba lilihamishwa baada ya mizizi kuliingia. Amechora kwa kalamu, na vipimo ameviandika kwa mita na kwa hatua, kwa ajili ya asiye na futi kamba: mita 1.9 kutoka kizingiti cha stoo, kina sentimita 60, bomba la udongo wa kuchoma. Chini ya mchoro ameandika, "Hapa pasichimbwe," na akapigia mstari.

Shimo letu la kushoto lilikuwa juu ya mchoro ule. Hatukulifikia bomba, lakini lile gogo la kushindilia lililipasua.

Tulivunja zege kwa nyundo na tindo, bila mashine, ili mtikisiko usipasue zaidi. Tukatoa kipande cha mita 1.2, tukaweka cha plastiki na viungio vya mpira, na udongo tukaurudisha tabaka kwa tabaka. Msingi mpya ukaenda upande wa pili wa mlango, ambako daftari halionyeshi kitu, na hata hivyo tulichimba kwanza shimo la majaribio kwa sururu ndogo. Hasara: saa 17 za kazi, mifuko miwili ya saruji, na nyumba tatu zilizokaa siku mbili bila choo. Watu wa nyumba hizo tuliwaendea mmoja mmoja kuwaomba radhi.

Jioni hiyo tulisimamisha kazi zote mpaka madaftari 26 yasomwe. Tuligawana watu 13, kila mtu mawili. Kama kuna jambo moja tu la kuiga katika mradi huu, igeni hili, na muanze nalo: someni kwanza alichokiandika mtu kabla ya kumjengea chochote.

Sijawahi kuona kumbukumbu za vikao zilizoandikwa vile. Hakuishia kwenye maazimio. Aliandika nani alipinga na kwa nini, hata alipokuwa anapingwa yeye. Mwisho wa kila kikao kuna kichwa "Ahadi": nani ameahidi nini, kwa siku gani. Kikao kinachofuata kinaanzia hapo. Tumeirudisha desturi hiyo tangu kikao cha Machi, na tayari mifereji miwili ya paa iliyoahidiwa mwaka jana imetengenezwa.

30 Machi. Kaseti 12

Aliyesoma daftari la 15 alikuta mstari: "Kikao kimenaswa, kaseti iko stooni." Zilikuwemo 12, kwenye kisanduku cha viatu, juu ya rafu ya rangi. Si barua, lakini safari hii tulimwuliza binti yake kwanza. Akakubali.

Kaseti ya kwanza tuliiua. Tuliazima redio ya zamani iliyokaa miaka bila kutumika, tukatia kaseti na kurudisha nyuma kwa kasi. Gurudumu la mpira lilikuwa limeshalainika likanata, likaivuta kanda, ikakatika. Tungeanza na kaseti isiyo na thamani, tungeliona hilo bila hasara.

Namna tulivyofanya baadaye: kichwa cha kusomea na mhimili wa chuma husafishwa kwa pamba na spiriti safi isiyo na manukato wala mafuta, gurudumu la mpira kwa maji yenye sabuni kidogo, kisha vyote vikauke. Vunja vile vipande viwili vya plastiki vilivyo mgongoni mwa kaseti ili mtu asije akabonyeza kitufe cha kunasa akafuta. Zungusha kanda kwa mkono, kwa penseli, kabla ya kuipa mashine. Kanda iliyokatika tuliunga kwa utepe maalumu wa kuungia kanda. Selotepu ya kawaida usiiguse, gundi yake huvuja na kuganda kwenye tabaka linalofuata. Sauti ikiwa nzito kama mtu aliyefunikwa blanketi, kichwa cha kusomea kimekaa upande. Kuna skrubu ndogo pembeni yake. Izungushe kidogo kidogo huku ukisikiliza herufi s, mpaka ing'ae.

Kaseti za dakika 90 hazina njia ya mkato. Ukitaka sauti nzuri unazipiga kwa mwendo wake, saa 18 kwa zote 12. Tulikaa zamu. Kwenye ile iliyokatika tumepoteza kama sekunde mbili, katikati ya mjadala wa taa za njiani.

Sauti yake ni nyembamba kuliko nilivyoikumbuka. Anaongea haraka.

12 Aprili. Nyumba ya 17

Mzee wa nyumba ya 17 alikataa kunaswa mara mbili. Kila mtu hapa anajua kwamba yeye na Bibi hawakusalimiana miaka mingi. Kamati iligawanyika: wengine waliona si heshima kumfuata. Tukakumbuka sharti la tatu la binti. Nilikwenda mwenyewe, nikamwambia hatutakata hata neno moja. Akasema, "Basi njoo kesho."

Alisimulia kwa dakika 50. Mwaka mmoja alikosa kazi, malimbikizo ya michango ya nyumba yakafika miezi saba. Kanuni za wakati ule zilitaka hesabu zisomwe mkutanoni, na wadaiwa wasomwe kwa majina. Katibu alikuwa Bibi. Alisoma jina lake mbele ya watu wote, mkewe na watoto wakiwa wamekaa safu ya pili. Hakulainisha sauti, hakuruka. Mzee aliyalipa malimbikizo yote mwaka uliofuata, na tangu siku ile hakukanyaga tena mkutano. "Mimi simwiti mkarimu," akasema. "Alikuwa mwadilifu. Si kitu kimoja."

Siku tatu baada ya hapo, aliyekuwa zamu ya kaseti ya 9 alinipigia simu usiku. Ni mkutano wa mwaka uliofuata. Bibi anaomba nafasi ya kusema si kama katibu, kama mwanachama. Anapendekeza majina ya wadaiwa yasisomwe tena, isomwe jumla tu, na mwekahazina akutane na kila mdaiwa faraghani kabla ya barua yoyote. Mtu anamwuliza mbona mwaka jana aliyasoma. Kuna kimya. Kisha: "Niliyasoma kwa sababu kanuni ilitaka. Nilikosea. Kanuni mbaya nilipaswa kuja kuibishia hapa kabla ya kuitumia kwa jirani yangu." Pendekezo lilipita kwa kura 16 kwa 11. Ndiyo kanuni tunayoitumia mpaka leo, na sikujua ilitoka wapi.

Mzee hakuwepo siku hiyo. Alikuwa ameshaacha kuja.

Binti aliniruhusu nimpelekee mzee kaseti hiyo. Alisikiliza, akaomba nirudishe, akasikiliza tena. Aliniuliza kwa nini Bibi hakumwambia uso kwa uso. Sikuwa na jibu. Labda aliona aibu, labda alidhani habari zingemfikia. Mtu huyo alikwenda mlango kwa mlango miaka 41, na mlango mmoja ulimshinda.

Nilimwuliza kama anataka kuiondoa sauti yake. Alikataa. "Maneno yangu yabaki. Aliniaibisha. Na hili nalo libaki." Kwa hiyo yamewekwa pamoja, sauti yake kwanza, kaseti ya 9 inafuata. Binti amesikiliza zote mbili akasema huyo ndiye mama yake.

27 Aprili. Benchi na kibao

Zege jipya limetimiza siku zake. Fremu ilikwenda haraka, ila tulikosea urefu: kiti kilikuwa sentimita 40 kutoka ardhini. Vijana waliona kizuri. Wazee wanne tuliowaita kukijaribu hawakuweza kunyanyuka bila kushikwa mkono. Tumekipandisha hadi 46 na kuongeza mikono pande zote mbili, kwa sababu mzee hunyanyuka kwa kusukuma mkono, si kwa goti. Mpime benchi kwa miili ya watakaolikalia.

Miguu ya mbao haigusi zege. Imekaa juu ya vyuma, nafasi ya sentimita 3, ili maji yasipande kwenye ncha za mbao. Kati ya bao na bao kuna sentimita moja ya kupitisha mvua. Boliti ni za chuma kisichoshika kutu, na kila tundu lilitobolewa kwanza.

Kibao cha kwanza kimeharibika. Tuliandika mwaka wa kuhamia kama watu wote walivyousema. Mchongaji alipokuwa ameshamaliza, msomaji wa daftari la 1 akaja na daftari la wanachama: tumekosea miaka miwili. Tumelipia kibao cha pili. Cha kwanza kimegeuzwa, na mgongoni kimechorwa ramani ya mabomba ya daftari la 8. Kimefungwa ndani ya mlango wa stoo.

Maneno ya kibao yalijadiliwa vikao viwili. Mapendekezo marefu yote yaliondolewa. Limebaki jina lake, miaka yake, na "Alituonyesha koki ilipo."

18 Mei. Tumemaliza

Hatukuwa na hotuba. Tulipiga kaseti ya 4, dakika sita, anapogombania mahali pa kuanikia nguo. Alishindwa kura ile, na kwenye daftari ameandika hesabu ya kura kwa mwandiko uleule.

Saa tulizotumia: kunasa sauti na maandalizi 40, kuandika yaliyosemwa 80, picha 38, kaseti 29, benchi 64 (pamoja na zile 17 zilizopotea), vikao 20. Jumla 271. Kazi ya kuandika ndiyo tuliyoisahau kabisa kwenye mpango: saa moja ya sauti inadai saa tano za mwandishi, na tulikuwa na saa 16 za sauti. Usomaji wa madaftari hatukuuhesabu. Watu walikataa kuujaza kwenye daftari la saa.

3 Agosti. Ukaguzi

Boliti mbili zimelegea kidogo, nimezikaza. Bao la pili kutoka mbele limepata ufa wa juu juu, halina hatari, nimelipaka mafuta. Nakala zote tatu zimefunguka.

Nyumba namba nne imepata wanachama wapya, mume na mke na mtoto wa miezi kumi. Nilikwenda siku ya pili nikiwa na spana na tochi. Mama mwenyeji alinisikiliza, akatabasamu, akasema, "Kaka, wewe ni wa tatu."

Picha 31 bado hazijatambuliwa. Nakala zake zimebandikwa mlangoni mwa stoo, kando ya benchi, na penseli imefungwa kwa uzi.